Miji ya kale ya Italia: cha kuona, cha kula, na alama za Kongo ambazo ziko kule

Kila mwaka kuna watu wa kwetu wanaofika Italia. Kuna mapadri na masista wanaotumwa kusoma Roma, wanafunzi wa chuo kikuu, watu wa mashirika, na ndugu wanaokaa Ubelgiji ao Ufaransa ambao wanapangana na marafiki kwenda kutembea wakati wa vakansi. Wengi zaidi hawatafika kule, lakini wanaona miji hiyo kwenye picha, wanasikia majina yake kanisani, ao wanakula makaroni bila kujua yanatoka wapi.

Makala hii inaeleza miji sita: Roma, Napoli, Firenze, Pisa, Bologna na Venezia, na kituo kidogo ku Parma. Kwa kila muji tunasema historia kwa kifupi, vitu vya kuona, na chakula chenye wenyeji wanakula. Tunaonyesha pia mahali ambapo damu na kazi ya watu wa mashariki ya Kongo vinakumbukwa kule, maana ziko nyingi kuliko vile tunafikiri. Mwishoni ni mambo ya makuta, viza, na namna ya kutembea mukiwa kikundi.

Inchi moja, miji mingi

Jambo la kwanza la kuelewa: Italia kama inchi moja si ya zamani sana. Ilitangazwa kuwa ufalme moja mwaka 1861, na Roma ikawa mji mkuu mwaka 1871. Mbele ya hapo, kwa mamia ya miaka, kila muji mkubwa ulikuwa na serikali yake, askari wake na makuta yake. Venezia ilikuwa jamhuri, Firenze ilitawaliwa na familia ya Medici, Napoli ilikuwa ufalme, na Roma ilikuwa chini ya Papa.

Ndiyo sababu kila muji uko na kanisa lake kubwa, lugha yake ya nyumbani na chakula chake. Mutu wa Bologna hawezi kukubali kwamba chakula chake ni sawa na cha Napoli, sawa vile mutu wa Bukavu hawezi kukubali sambaza yake ifananishwe na samaki wa mahali pengine. Ukitaka kula vizuri Italia, usiulize "chakula cha Italia". Uliza chakula cha muji ule umesimama ndani yake.

Roma: mawe ya miaka elfu mbili

Wazee wa Roma walisema muji wao ulianzishwa mwaka 753 mbele ya Kristo. Chenye kinaonekana leo ni tabaka juu ya tabaka: unatembea barabarani, pembeni kuna shimo, na ndani ya shimo kuna nguzo za hekalu la zamani.

Kolosseo, uwanja mkubwa wa michezo, ulifunguliwa mwaka 80. Urefu wake ni metre 189 na upana 156, na watu karibu 50,000 waliweza kuingia. Kule watu walipigana mpaka kufa mbele ya macho ya wengine, na kuingia kulikuwa bure. Watawala walijua kwamba raia akishiba mukate na michezo hatauliza maswali mengi.

Panteo ni hekalu lililojengwa upya na kaisari Hadrian karibu mwaka 126, kisha likageuzwa kanisa. Dari lake la mviringo liko na upana wa metre 43, la beto isiyo na chuma ndani, na mpaka leo halijaanguka. Katikati ya dari kuna tundu wazi. Mvua ikinyesha inaingia, na maji yanatoka kwa vitundu vidogo chini. Watalii wanalipa ili kuingia.

Vatikano ni inchi yake yenyewe tangu 1929, lakini unaingia kwa miguu kutoka Roma bila kuonyesha paseporo. Kanisa la Mutakatifu Petro lilianza kujengwa 1506 na kumalizika 1626. Kuingia ni bure, ila kuna foleni ya kukaguliwa, na mabega na magoti lazima yafunikwe. Kwa Mize za Vatikano, penye kuna kanisa la Sistina lenye dari lililochorwa na Michelangelo kati ya 1508 na 1512, unalipa. Siku ya yenga ya mwisho ya mwezi ni bure, lakini ufike asubuhi sana.

Chakula cha Roma kinatoka kwa watu wa kazi. Kwenye mtaa wa Testaccio kulikuwa abatuwari kubwa ya muji mpaka 1975. Wafanyakazi walipewa sehemu ya mushahara wao kwa nyama zenye matajiri hawakutaka: mkia, matumbo, ulimi, ini. Waroma wanaita hizo "robo ya tano" ya ng'ombe. Mkia unapikwa taratibu na tomati na seleri mpaka nyama inajitenga na mfupa. Matumbo yanapikwa na tomati na chizi ya kondoo. Mutu wa kwetu hatakuwa mugeni mbele ya sahani hizo.

Kisha kuna pasta. Ya Roma ni nne: cacio e pepe (chizi na pilipili manga tu), gricia (unaongeza nyama ya shavu la nguruwe), amatriciana (unaongeza tomati), na carbonara (badala ya tomati unaweka mayai). Ndani ya carbonara ya kweli hakuna krema. Amatriciana inaitwa hivyo juu ya Amatrice, muji mdogo wa milima ulioharibiwa na tetemeko la ardhi tarehe 24 Agosti 2016.

Alama za Kivu ku Roma

Tarehe 15 Juni 2025, ku kanisa la Mutakatifu Paulo Nje ya Kuta, Floribert Bwana Chui wa Goma alitangazwa mwenye heri. Alikuwa kijana wa miaka 26, akifanya kazi ya kukagua bidhaa kwenye mpaka. Aliuawa Julai 2007 kwa sababu alikataa rushwa ili vyakula vilivyooza vipite na kuliwa na watu. Alikuwa wa jumuiya ya Sant'Egidio, ambayo ilianza ku Roma mwaka 1968 na ambayo nyumba yake iko kwenye mtaa wa Trastevere. Mutu wa Goma akifika Trastevere, mtaa wenye watalii wanajaa kula mangaribi, akumbuke kwamba ndugu yake alikufa juu ya chakula cha watu wengine.

Karibu na gare kubwa ya Termini kuna kanisa la Santa Maria degli Angeli, ambalo Michelangelo alilitengeneza ndani ya mabafu ya kale ya kaisari Diocletian. Hapo ndipo ilifanywa, tarehe 25 Februari 2021, misa ya maziko ya balozi Luca Attanasio na mulinzi wake Vittorio Iacovacci. Waliuawa siku tatu mbele, karibu na Kibumba, kwenye barabara ya Goma kwenda Rutshuru, pamoja na dereva Mukongomani Mustapha Milambo. Watatu walikuwa ndani ya safari moja ya chakula cha watoto wa shule.

Napoli na Pompei: muji chini ya volkano

Kutoka Roma mpaka Napoli treni ya mbio inachukua saa moja na dakika kumi hivi. Napoli ulijengwa na Wagiriki; jina lake maana yake ni "muji mpya". Ni muji wa makelele, wa moto nyingi, wa nguo zilizoanikwa juu ya barabara. Watu wa Goma wengi watajisikia nyumbani, na si juu ya makelele tu: mlima unaoonekana kutoka kila kona, Vesuvio, ni volkano.

Vesuvio iko na metre karibu 1,280, ndogo mbele ya Nyiragongo yenye metre 3,470. Lakini tabia zake ni tofauti. Nyiragongo inatoa lava nyepesi yenye inatiririka kama maji, sawa tulivyoona 1977, 2002 na 2021. Vesuvio inalipuka: inatupa majivu na mawe juu sana, kisha moshi wa moto unashuka mlimani kwa mbio. Mwaka 79 ililipuka hivyo na kufunika Pompei. Mara ya mwisho ililipuka 1944. Leo watu zaidi ya 600,000 wanakaa ndani ya eneo lile serikali inaita jekundu, penye watu wanapaswa kuondoka haraka ikiamka.

Pompei ilianza kuchimbuliwa 1748. Majivu yalilinda kila kitu: barabara, mabafu, maandishi ya kampeni za uchaguzi kwenye kuta. Miili ya watu ilioza, ikaacha matundu ndani ya majivu yaliyokauka. Tangu 1863 wachimbaji wanamimina jipsi ndani ya matundu hayo, na sura ya mutu inatoka vile alikuwa dakika ya mwisho: mwingine amejifunika uso, mwingine ameshika mutoto.

Kuna kitu kingine ambacho kinagusa. Mwishoni mwa 2020 walionyesha kibanda cha kuuzia chakula, na meza ya mawe yenye mashimo ya kuwekea vyungu. Ndani ya vyungu kulikuwa bado mabaki ya bata, mbuzi, nguruwe, samaki na konokono. Ni malewa ya kweli, ya miaka karibu elfu mbili.

Chakula cha Napoli ni pizza. Tomati haikuwa Italia zamani. Wahispania waliileta kutoka Amerika. Hadithi inayosimuliwa inasema mwaka 1889 pizza ya tomati, chizi nyeupe na majani ya bazili ilipewa jina la malkia Margherita. Tanuru ya kuni inakuwa moto kiasi kwamba pizza inaiva ndani ya dakika moja ao moja na nusu. Mwaka 2017 UNESCO iliandika ufundi wa wapika pizza wa Napoli kati ya mali za dunia. Margherita moja kwa kawaida ni kati ya euro 5 na 8, na inashibisha.

Napoli wako na desturi ingine: "kahawa iliyoningʼinizwa". Unakunywa kahawa moja, unalipa mbili. Ile ya pili inangoja mutu asiye na kitu, ambaye anaingia na kuuliza kama kuna yenye imeachwa.

Firenze: matajiri waliacha kila kitu

Treni kutoka Roma inachukua saa moja na nusu. Firenze ulitajirika kwa vitambaa vya pamba ya kondoo na kwa benki. Familia ya Medici ilikuwa ya watu wa benki mbele ya kuwa watawala, na ilitumia makuta mengi kulipa wachoraji na wachongaji.

Kanisa kuu lilianza 1296, lakini kwa muda mrefu halikuwa na dari katikati, kwa sababu hakuna aliyejua namna ya kufunika nafasi kubwa hivyo. Filippo Brunelleschi alifanya kazi hiyo kati ya 1420 na 1436, kwa matofali zaidi ya milioni 4, bila kusimamisha jukwaa la miti kutoka chini. Kupanda mpaka juu ni ngazi 463, na hakuna asansere.

Sanamu ya Daudi ya Michelangelo, ya metre 5 na zaidi, iko ndani ya mize ya Accademia. Mize ya Uffizi ilianza kujengwa 1560 kama biro za serikali. Jina lake maana yake ni "biro". Picha zilizo ndani zingekuwa zimetawanyika Ulaya nzima kama si mwanamuke moja. Anna Maria Luisa, wa mwisho wa ukoo wa Medici, aliweka sahihi mwaka 1737 kwamba mali yote ya sanaa ya familia ibaki Firenze, isiuzwe wala isitolewe. Karatasi ile moja ndiyo inalisha muji mpaka leo: hoteli, restora, maduka, waongozaji, wote wanakula juu yake. Ni somo kwa kila inchi ambayo vitu vya wazee wake viliuzwa ao viliibiwa.

Tarehe 4 Novemba 1966 muto Arno ulifurika na kuingia ndani ya makanisa na maktaba. Vijana kutoka inchi nyingi walikuja kutoa vitabu ndani ya matope kwa mikono. Wenyeji waliwaita "malaika wa matope". Ukitembea, angalia kuta: kuna alama zinazoonyesha maji yalifika wapi.

Mukate wa Firenze hauna chumvi. Usifikiri wamesahau, unakuliwa na nyama zenye chumvi nyingi. Mukate uliolala wanaupika na maharagi na sombe nyeusi za kabichi, wanaita ribollita, maana yake "iliyochemshwa tena". Barabarani wanauza lampredotto: tumbo la nne la ng'ombe, limechemshwa, ndani ya mukate, na pilipili kidogo. Ni bei ndogo na inashibisha. Bistecca, nyama kubwa ya ng'ombe juu ya makaa, inauzwa kwa kilo. Moja inaweza kupita kilo nzima. Usiagize peke yako. Ni chakula cha marafiki watatu ao wane, na muulize bei ya kilo mbele ya kukubali.

Pisa: mnara uliolala, na jina la Kindu

Watalii wengi wanafika Pisa saa mbili tu, wanapiga picha na mnara, wanarudi. Mnara ulianza 1173 na ulianza kulala wakati bado wanajenga, kwa sababu udongo wa upande moja ni laini. Ulifungwa 1990 juu ya kuogopa utaanguka. Mafundi walitoa udongo kidogo kidogo chini ya upande ulioinuka, mnara ukarudi karibu sentimetre 45, na ukafunguliwa tena 2001. Hawakuunyoosha kabisa. Nani angelipa kuona mnara ulionyooka?

Lakini mutu wa Maniema akifika Pisa, aende pia upande wa uwanja wa ndege. Kule kuna kanisa dogo la ukumbusho la askari wa anga 13 wa Italia waliouawa ku Kindu tarehe 11 Novemba 1961. Walikuwa wa kikosi cha Pisa. Walileta vyakula na vitu vya lazima, kwa ndege mbili, kwa askari wa Umoja wa Mataifa waliokuwa Kindu. Ilikuwa wakati wa vita vya Katanga, na askari waliowakamata waliwafikiria kuwa mamluki. Miili yao ilirudishwa Italia 1962.

Kwa Waitalia, neno "Kindu" ni jina la barabara. Ndani ya miji mingi kuna barabara inayoitwa "ya waliokufa Kindu". Wengi wanaopita pale hawajui Kindu iko wapi kwenye karta. Vijana wengi wa Kindu nao hawajui kwamba muji wao umeandikwa ukutani kule mbali.

Bologna na Parma: tumbo la Italia

Bologna uko na majina matatu: mwenye elimu, mnene, na mwekundu. Mwenye elimu, juu ya chuo kikuu chake kinachohesabiwa kuwa kilianza 1088, cha kwanza Ulaya. Mnene, juu ya chakula. Mwekundu, juu ya rangi ya matofali, na watu wanaongeza: juu ya siasa yake.

Unatembea Bologna bila mwavuli. Pembeni ya barabara kuna baraza zenye paa na nguzo, kilometre 62 kwa jumla, ambazo UNESCO iliziandika 2021. Moja inapanda mlima mpaka kanisa la Bikira Maria wa San Luca kwa matao 666. Katikati ya muji kuna minara miwili. Asinelli iko na metre 97, na mwenzake mfupi, Garisenda, umelala kiasi kwamba eneo lake lilifungwa 2023.

Usiombe "spageti bolonyeze" kule, watakuangalia tu. Mchuzi wa nyama wanaula na tagliatelle, makaroni mapana ya mayai. Wanachunga jambo hilo sana: mwaka 1972 waliandikisha kwenye chemba ya biashara kwamba tagliatella ikishapikwa inapaswa kuwa na upana wa milimetre 8. Kuna pia tortellini, vipande vidogo vyenye nyama ndani, ambavyo vinakuliwa ndani ya supu.

Parma iko saa moja hivi kwa treni. Inajulikana kwa nyama ya paja la nguruwe iliyokaushwa kwa chumvi na hewa, na kwa chizi ya Parmigiano Reggiano. Gurudumu moja la chizi ile liko na kilo karibu 40, linahitaji litre zaidi ya 500 za maziwa, na linangoja miezi 12 ao zaidi mbele ya kuuzwa. Mutu anayejua kazi ya chizi ya Masisi ataelewa haraka: maziwa ni yale yale, tofauti ni muda, stoo yenye baridi nzuri, na barabara ya kufikisha sokoni bila kupoteza.

Parma ni pia nyumba ya kwanza ya mapadri Wasaveriani, walioanzishwa kule 1895 na Guido Maria Conforti na waliofika Uvira 1958. Watatu wao, Luigi Carrara, Giovanni Didonè na Vittorio Faccin, waliuawa tarehe 28 Novemba 1964 ku Baraka na Fizi, pamoja na padri Albert Joubert wa kwetu. Wote wane walitangazwa wenye heri ku Uvira tarehe 18 Agosti 2024.

Venezia: muji juu ya maji

Venezia umejengwa juu ya visiwa zaidi ya 100, na nyumba zinasimama juu ya miti iliyopigwa ndani ya matope. Miti hiyo haiozi haraka kwa sababu chini kule hakuna hewa. Hakuna gari, hakuna moto. Unatembea kwa miguu, unapita madaraja zaidi ya 400, ao unapanda mashua ya watu wote, ambayo tikete moja ni euro 9.50 kwa dakika 75.

Kwa karne nyingi Venezia ulikuwa jamhuri ya wafanyabiashara, mpaka Napoleon aliuchukua 1797. Kanisa la Mutakatifu Marko lilianza 1063 ili kulinda mifupa ya mutakatifu huyo, ambayo wafanyabiashara wa Venezia waliichukua Alexandria, Misri, mwaka 828. Utajiri wa pilipili manga, hariri na chumvi unaonekana ndani ya dhahabu ya dari lake.

Chakula cha wenyeji ni samaki na polenta. Polenta ni nini? Ni bugali ya mahindi. Inakorogwa ndani ya chungu kwa muti, inamwagwa, inakatwa. Kwa miaka mingi masikini wa eneo hilo walikula polenta peke yake, bila kitoweo, na wakapata ugonjwa wa pellagra: ngozi inaharibika, akili inachanganyikiwa, mutu anakufa. Si kwamba mahindi ni mabaya. Ni kwamba mahindi peke yake hayatoshi. Wauguzi wetu wanasema vile vile kila siku kuhusu sahani ya mutoto.

Kuna pia sarde in saor: samaki wadogo wanakaangwa, kisha wanalazwa ndani ya vitunguu na siki. Mabaharia walitengeneza hivyo ili samaki akae siku nyingi bila baridi. Mwenye kukaanga sambaza nyumbani anaweza kujaribu. Mangaribi marafiki wanazunguka vibaa vidogo, wanaita bacari, wanakula kipande kimoja hapa, kingine pale, wakisimama.

Gondola, mashua ile nyeusi, ni euro 90 kwa nusu saa mchana. Bei ni ya mashua, si ya mutu. Mukiwa watano munagawanya. Mutu peke yake anayetaka tu kuonja anaweza kuvuka mufereji mkubwa kwa gondola ya kuvusha watu, euro 2.

Venezia uko pia na kilio. Mwaka 1951 muji wa kale ulikuwa na wakaaji karibu 175,000. Leo hawafiki 50,000. Nyumba zinapangishwa kwa watalii, mwenyeji anakosa pa kukaa. Tangu Aprili 2024, siku fulani za mwaka, mutu anayekuja na kurudi siku ile ile analipa euro 5 ya kuingia, na tangu 2025 ni 10 kama hakuandikisha mapema. Maji nayo yanapanda: Novemba 2019 yalifika sentimetre 187. Tangu 2020 kuna milango mikubwa ya chuma ndani ya bahari inayoinuka kuyazuia.

Mukitembea kikundi: makuta na desturi

- Kukotiza: wekeni makuta ya pamoja mbele ya kutoka, sawa likelemba, na mutu moja aandike. Kugawanya fakture sawa kwa kila kichwa Waitalia wanaita "kulipa kiroma". Kama kuna asiyekunywa pombe ao mwenye makuta kidogo, musemezane mbele, si mezani.
- Fakture: utaona neno coperto. Ni makuta ya kiti na mukate, kwa kawaida euro 1 mpaka 3 kwa mutu. Si wizi, lakini lazima iandikwe kwenye karta ya vyakula.
- Kahawa: ukisimama kwenye kontuwari unalipa euro 1 na kidogo, ukikaa mezani kwenye uwanja wa watalii inaweza kuzidi mara nyingi.
- Saa: restora nyingi zinapika kati ya saa sita na nusu na saa nane na nusu mchana, kisha zinafunga mpaka saa moja na nusu ya mangaribi.
- Wasiokula nguruwe: angalieni maneno maiale, prosciutto, guanciale, pancetta, mortadella na strutto. Yote ni nguruwe.
- Maji: ku Roma kuna robine za barabarani karibu 2,500, maji safi na bure. Beba chupa.
- Mize za serikali: bure siku ya yenga ya kwanza ya mwezi. Watoto chini ya miaka 18 hawalipi.
- Treni: tikete ya karatasi ya treni ya kawaida inapigwa muhuri kwenye mashini mbele ya kupanda. Ukisahau, unalipa amande.
- Hoteli: kuna taxe ya muji kwa kila usiku na kila mutu, mara nyingi inalipwa pembeni.

Viza

Mwenye paseporo ya Kongo anahitaji viza ya Schengen. Kwa mutu mzima ni euro 90, na makuta hayo hayarudishwi hata kama wamekataa. Inatoa mpaka siku 90 ndani ya siku 180. Wanaomba asiransi ya afya ya angalau euro 30,000, mahali pa kulala, njia ya kurudi, na alama kwamba uko na kazi, masomo ao familia yenye inakurudisha nyumbani. Paseporo inapaswa kubaki na miezi mitatu kisha siku ya kurudi. Unaweza kuweka dosie tangu miezi sita mbele ya safari, na si chini ya siku 15.

Viza inatolewa na ambasade ya inchi yenyewe, hakuna mutu mwingine. Anayekuambia "lete dolari elfu tatu, viza ya Italia iko tayari" anauza karatasi ya uongo, na jina lako ndilo linabaki kwenye mashini kama mudanganyifu. Kwetu huku familia zimeuza shamba juu ya maneno kama hayo. Mbele ya kutoa hata dolari moja, tafuta mutu aliyesafiri kweli, umuulize alipita njia gani, kisha piga simu kwa ambasade yenyewe.